Kusoma jedwali la mvuke: kwanza hali, ndipo hesabu

Mwanafunzi anayekosa swali la jedwali la mvuke mara nyingi hesabu yake haina doa. Kujumlisha kajumlisha, kutoa katoa, jibu kalipigia mistari miwili chini, na bado anapata sifuri. Alichokosea ni ukurasa. Amechukua tarakimu za mvuke wakati chombo kimejaa maji, au amechukua za mchanganyiko wa maji na mvuke wakati yote yalishageuka mvuke zamani. Fundi wa boila naye hukosea vivyo hivyo, ila kosa la fundi huwa na kishindo.

Kwa hiyo mwongozo huu una amri moja iliyo juu ya nyingine zote: usiguse kikokotoo mpaka uwe umesema kwa maneno, "hapa nina maji", "hapa nina mvuke" au "hapa nina vyote viwili". Ukishasema hivyo, kilichobaki ni kazi ya darasa la saba.

Maji ndiyo mfano wetu mkuu, kwa kuwa jedwali lake limechapishwa nyuma ya karibu kila kitabu cha thermodainamiki. Mwishoni tutahamia kwenye mitungi ya gesi, ambako njia ni ileile. Kabla hujaanza, pekua jedwali lako utambue sehemu zake. Kuna jedwali la kuchemka, ambalo huchapishwa mara mbili, moja likipangwa kwa halijoto na jingine kwa presha. Kuna jedwali la mvuke uliopashwa zaidi, yaani mvuke wenye halijoto iliyopita ile ya kuchemka. Na kuna kipande kifupi cha maji yaliyogandamizwa, yaani maji ambayo hayajafikia halijoto ya kuchemka kwa presha yake, ambacho hutakihitaji mara nyingi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni dutu safi

Dutu safi ni ile yenye mchanganuo mmoja wa kikemia kila mahali ndani ya chombo. Barafu, maji na mvuke vikiwa pamoja bado ni dutu safi, kwa sababu vyote ni H₂O. Propani tupu ni dutu safi, kabonidayoksaidi pia, na gesi ya friji ya R-134a pia. Maji ya bahari hayamo, wala chai yenye sukari.

Hewa ina tabia mbili. Ikiwa gesi tupu tunaihesabu kama dutu safi na hakuna anayelalamika. Ukiipoza mpaka ianze kuwa kimiminika, mambo yanabadilika: kwa presha ya kawaida oksijeni hugeuka kimiminika kwenye −183°C na nitrojeni kwenye −196°C, hivyo kimiminika cha kwanza kupatikana huwa na oksijeni nyingi kuliko hewa iliyobaki juu yake. Jedwali la dutu moja halikusaidii tena hapo. Gesi ya kupikia nayo kwa kawaida ni mchanganyiko wa propani na butani. Tutairudia, lakini weka alama ya tahadhari mapema.

Hatua ya 2: Geuza presha ya geji kuwa presha kamili

Majedwali yote yameandikwa kwa presha kamili, yaani inayohesabiwa kutoka ombwe tupu. Geji ya boila, ya mtungi au ya fundi friji husoma ziada iliyo juu ya presha ya hewa inayoizunguka. Geji ikisoma sifuri, ndani kuna presha ya hewa ya mahali ulipo. Basi:

presha kamili = presha ya geji + presha ya hewa ya mahali ulipo

Maneno "ya mahali ulipo" yana uzito. Mombasa, Tanga au Zanzibar, usawa wa bahari, ongeza kPa 101. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na unaongeza kama kPa 81.5. Vitabu vingi vimeandikiwa watu wa usawa wa bahari, na wanafunzi wa nyanda za juu huongeza 101 bila kufikiri.

Je, tofauti hiyo ina maana? Inategemea. Geji ikisoma bar 6, mtu wa Nairobi atapata kPa 681.5 na mwenye kukosea atapata 701. Halijoto ya kuchemka inatofautiana kwa nyuzi kama 1 tu, jambo ambalo hata kipimajoto cha kiwandani huenda kisilione. Lakini geji ikisoma bar 0.2, jibu sahihi ni kPa 101.5, ambapo maji huchemka kwenye 100°C, na jibu la kukosea ni kPa 121, ambapo huchemka kwenye 105°C. Presha ikiwa ndogo, kosa linakua.

Kuhusu vipimo: bar 1 ni kPa 100, MPa 1 ni kPa 1,000, psi 1 ni kPa 6.895. Geuza vyote viwe kPa mwanzoni kabisa na usahau vingine.

Hatua ya 3: Tafuta sifa mbili zilizo huru

Hali ya dutu safi hutambulishwa na sifa mbili tu, mradi kila moja iwe na uhuru wake. Za kuchagua ni nyingi: presha, halijoto, ujazo kwa kilo (*v*), nishati ya ndani (*u*), entalpia (*h*, yaani nishati ya ndani ukijumlisha presha mara ujazo), entropia (*s*, ambayo hatutaitumia hapa). Ukijua mbili, jedwali linakupa zilizobaki.

Neno "huru" ndilo linaloangusha watu, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Chukua kilo 1 ya maji ya 25°C, uyaweke kwenye silinda yenye pistoni inayoteleza ili presha ibaki kPa 100 muda wote, kisha washa moto. Halijoto inapanda mpaka 99.61°C, na kufika hapo kumekugharimu kJ 313. Sasa kipimajoto kinasimama. Unaendelea kutia moto, maji yanapungua, mvuke unaongezeka, kipimajoto kimeganda palepale. Mpaka tone la mwisho ligeuke mvuke, umetia kJ 2,257.5 nyingine, zaidi ya mara saba ya zile za mwanzo, bila halijoto kupanda hata sehemu ya nyuzi. Ujazo umetoka lita 1.04 ukafika lita 1,694. Baada ya hapo tu ndipo halijoto inaanza kupanda upya.

Joto hilo lililoingia bila kuonekana kwenye kipimajoto ndilo joto fiche. Mwanakemia Joseph Black alilichunguza Glasgow miaka ya 1760. Jikoni linakuambia kwamba sufuria ya maharage ikishachemka, kuongeza moto hakuivishi haraka. Unachoongeza ni mvuke unaotorokea dirishani, na mkaa unaokwisha.

Sasa ona tatizo. Muda wote ule wa kuchemka presha ilikuwa kPa 100 na halijoto 99.61°C. Mwanzoni mwa kuchemka ni hizo, katikati ni hizo, mwishoni ni hizo. Anayekuambia "presha ni kPa 100 na halijoto ni 99.61°C" hajakuambia kama ana maji, mvuke au vyote. Wakati wa kuchemka presha na halijoto zimefungwa pamoja, ukijua moja umeijua na ya pili, kwa hiyo zinahesabika kama sifa moja. Utahitaji nyingine: ujazo kwa kilo, entalpia, au kiwango cha ukavu tutakachokieleza chini. Nje ya eneo la kuchemka, presha na halijoto zinarudi kuwa huru na zinatosha.

Hatua ya 4: Amua hali

Hiki ni kipande kidogo cha jedwali la kuchemka la maji. Herufi *f* ni kimiminika kilichofikia kuchemka, *g* ni mvuke ulioshiba, yaani mvuke ambao haujaachana na halijoto ya kuchemka na hauna tone la maji ndani, na *fg* ni tofauti kati yao. Kwa entalpia, tofauti hiyo ndiyo joto fiche lenyewe.

| Presha (kPa) | Kuchemka (°C) | *v*f (m³/kg) | *v*g (m³/kg) | *h*f (kJ/kg) | *h*fg (kJ/kg) | *h*g (kJ/kg) |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 100 | 99.61 | 0.001043 | 1.6941 | 417.51 | 2257.5 | 2675.0 |
| 200 | 120.21 | 0.001061 | 0.88578 | 504.71 | 2201.6 | 2706.3 |
| 600 | 158.83 | 0.001101 | 0.31560 | 670.38 | 2085.8 | 2756.2 |
| 1000 | 179.88 | 0.001127 | 0.19436 | 762.51 | 2014.6 | 2777.1 |
| 22064 | 373.95 | 0.003106 | 0.003106 | 2084.3 | 0 | 2084.3 |

Angalia safu ya joto fiche ikishuka kadiri presha inavyopanda, mpaka mstari wa mwisho ambako ni sifuri. Hapo ni nukta ya ukomo: maji na mvuke vina ujazo uleule, entalpia ileile, na hakuna tena mpaka wa kuonyesha kimoja kinaishia wapi. Juu ya presha hiyo hakuna kuchemka. Ukilipeleka swali la kPa 25,000 kwenye jedwali la kuchemka hutapata kitu, na si kosa la mchapishaji.

Kama umepewa presha na halijoto, nenda kwenye mstari wa presha hiyo usome halijoto ya kuchemka, kisha linganisha. Tuseme presha ni kPa 1,000.

Halijoto ikiwa 150°C, iko chini ya 179.88, kwa hiyo una maji matupu. Hapa mtego umekaa wazi: wengi huchukua *h* = 762.51 kwa sababu ndiyo iliyo kwenye mstari wa kPa 1,000. Hiyo ni entalpia ya maji ya 179.88°C, na yako ni ya 150°C. Maji hayajali sana presha, yanajali halijoto. Nenda kwenye jedwali lililopangwa kwa halijoto, soma *h*f ya 150°C, ambayo ni kJ 632.18 kwa kilo. Makosa yanayobaki ni madogo mno kukusumbua. Jedwali la maji yaliyogandamizwa utalihitaji presha ikiwa kubwa sana, kama kwenye pampu ya kituo cha umeme.

Halijoto ikiwa 250°C, umepita 179.88 na una mvuke uliopashwa zaidi. Fungua jedwali lake, kipande cha MPa 1: *v* = 0.23275, *h* = 2943.1.

Halijoto ikiwa 179.88°C hasa, simama. Swali halijakamilika. Kama ni mtihani, rudi usome tena, kwani pengine wameandika "mvuke mkavu ulioshiba" au wametaja ujazo wa tangi na kilo zilizomo. Kama ni kazini, hakuna geji ya presha wala kipimajoto kitakachokuambia mvuke wako una maji kiasi gani.

Kama umepewa presha na ujazo kwa kilo, au presha na entalpia, linganisha na *f* na *g* za mstari huo. Chini ya *f* ni maji, juu ya *g* ni mvuke uliopashwa zaidi, katikati ni mchanganyiko. Mimi humwambia mwanafunzi aandike jibu la hatua hii kwa sentensi kamili kwenye karatasi, hata kama mtihani haukudai. Mkono ukiandika "mchanganyiko", jicho halitakwenda tena kwenye ukurasa usiofaa.

Hatua ya 5: Ikiwa ni mchanganyiko, tafuta kiwango cha ukavu

Kiwango cha ukavu (*x*) ni sehemu ya uzito ambayo tayari ni mvuke. Sifuri ni maji matupu yaliyofikia kuchemka, 1 ni mvuke mkavu ulioshiba.

*x* = (*v* − *v*f) ÷ (*v*g − *v*f)

Tuseme tangi la m³ 1 lina kilo 10 za maji na mvuke kwa kPa 1,000. Ujazo kwa kilo ni 0.1, uko kati ya 0.001127 na 0.19436, basi ni mchanganyiko.

*x* = (0.1 − 0.001127) ÷ (0.19436 − 0.001127) = 0.512

Ukishaipata *x*, sifa nyingine yoyote hupatikana kwa njia hiyohiyo: *h* = *h*f + *x* × *h*fg = 762.51 + 0.512 × 2014.6, karibu kJ 1,794 kwa kilo.

Kumbuka *x* ni ya uzito, si ya nafasi. Katika tangi hilo karibu nusu ya uzito ni maji, lakini maji hayo yamejikunyata kwenye nafasi ya lita 5.5 kati ya lita 1,000. Ungechungulia ndani ungeapa kwamba tangi limejaa mvuke mtupu. Ndiyo maana bomba la mvuke linaweza kubeba maji mengi bila mtu kushuku, mpaka maji hayo yakusanyike kwenye kona na kusukumwa kwa kasi yagonge valvu. Mafundi wanaijua ile ngurumo.

Fomula hii inajikagua yenyewe. Ukipata *x* hasi au iliyozidi 1, dutu haiko kwenye mchanganyiko. Rudi hatua ya 4. Usiikate iwe 1 ili mambo yaende.

Mfano wenye faida zaidi uko Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa jotoardhi unazalishwa tangu mwaka 1981. Maji ya moto yaliyofungiwa chini ya ardhi kwa presha kubwa hupanda kisimani, presha inapungua, na sehemu yake inageuka mvuke njiani. Juu hupitishwa kwenye chombo cha kutenganisha: mvuke unakwenda kwenye tabo, yaani mtambo unaozungushwa na mvuke ili kuzalisha umeme, maji yanarudishwa ardhini. Swali la mhandisi ni moja: mvuke ni kiasi gani?

Chukulia maji yaliyofikia kuchemka ya 250°C, ambayo *h*f yake ni kJ 1,085.7 kwa kilo, yanafika kwenye kitenganishi cha kPa 600. Njiani hakuna tabo wala pampu, na joto linalopotea ni dogo, basi entalpia inabaki ileile. Sasa una sifa mbili huru: presha 600, entalpia 1,085.7. Iko kati ya 670.38 na 2,756.2, ni mchanganyiko.

*x* = (1085.7 − 670.38) ÷ 2085.8 = 0.199

Katika kila kilo 100 zinazotoka ardhini, kilo 20 tu ndizo zinazokwenda kuzungusha tabo. Ukishusha presha ya kitenganishi hadi kPa 200, hesabu inakupa 0.264, yaani kilo 26. Mvuke umeongezeka, ila una presha ndogo na kila kilo inafanya kazi kidogo. Kupatanisha hayo mawili ndiyo kazi inayomlipa mhandisi mshahara. (Maji ya kisimani yana chumvi na gesi zilizoyeyuka, kwa hiyo hatua ya 1 inanung'unika. Kwa makadirio ya kwanza tunainyamazisha.)

Hatua ya 6: Thamani ikikosekana, kadiria kati ya mistari miwili

Jedwali haliwezi kuchapisha kila namba. Maji ya Nairobi huchemka kwa nyuzi ngapi? Presha ya hewa ni kPa 81.5. Jedwali la halijoto lina 90°C kwa kPa 70.18 na 95°C kwa kPa 84.61. Umbali wetu kutoka mstari wa chini ni 11.32 kati ya 14.43, sawa na 0.784. Zidisha kwa nyuzi 5, ongeza kwenye 90: 93.9°C.

Basi maharage ya Nairobi yanapikwa kwa maji yenye nyuzi 6 pungufu ya yale ya Mombasa, na kwenye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, maji huchemka karibu na 80°C. Sufuria ya presha inayoshikilia kPa 100 juu ya hewa inawapa watu wa pwani 120°C na wa Nairobi kama 117°C. Pengo limepungua. Faida ya sufuria hiyo ni kubwa zaidi kwa anayeishi juu.

Makadirio haya yana masharti mawili. La kwanza, usivuke mpaka wa kuchemka. Kwa kPa 1,000, huwezi kuchukua 150°C na 200°C ukagawanya kati ili upate 175°C: upande mmoja ni maji, mwingine ni mvuke, na katikati kuna mruko wa kJ 2,000. La pili, mistari yako iwe karibukaribu, kwa sababu tabia halisi ni mkunjo na wewe unachora mstari ulionyooka.

Kuna watakaokushauri utupe jedwali utumie kanuni ya gesi bora (presha × *v* = namba maalumu ya gesi × halijoto ya kelvini). Kwa mvuke wa kPa 100 na 150°C wataponea, kosa halifiki asilimia 1. Kwa kPa 1,000 na 200°C, kanuni inatoa *v* = 0.218 na jedwali linasema 0.206. Hilo ni kosa la asilimia 6, na kadiri unavyokaribia kuchemka kwa presha kubwa ndivyo linavyozidi.

Hatua ya 7: Peleka njia hiihii kwenye mitungi

Mtungi wowote wenye kimiminika na mvuke wake juu uko kwenye eneo la kuchemka. Yale ya hatua ya 3 yanatumika: presha inafuata halijoto, wala haikuambii kimebaki kiasi gani. Propani huchemka kwenye −42°C kwa presha ya hewa, butani kwenye −0.5°C, kwa hiyo kwenye hali ya hewa yetu vinakaa kimiminika kwa sababu tu vimefungiwa. Geji ya kuunganisha kwenye mtungi wa kupikia itaonyesha karibu presha ileile mtungi ukiwa umejaa na ukiwa na nusu, kisha itaporomoka kimiminika kikiisha. Mizani ndiyo inayosema kweli. Uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye chuma chake. Toa huo kwenye uzito uliopima. Kwa kuwa ni mchanganyiko, propani hutangulia kutoka na presha hulegea kidogo kadiri mtungi unavyotumika, lakini si kiasi cha kukupa hesabu ya kuaminika.

Ukipikia jiko kubwa la shughuli kwa mtungi mdogo, utauona unatoa jasho na moto unafifia huku gesi ingalipo. Kimiminika kinachotokota ndani kinachukua joto fiche kutoka kwenye mwili wa mtungi, halijoto inashuka, na presha inaifuata. Tiba ni kutumia mtungi mkubwa zaidi au miwili kwa pamoja. Kuuweka mtungi karibu na moto ni kuipandisha presha bila kujua itakapoishia.

Kwa fundi friji kuna jaribio la bei rahisi. Mtungi wa R-134a ukikaa kivulini mpaka wote uwe na halijoto moja, tuseme 30°C, presha kamili inapaswa kuwa karibu kPa 770. Usawa wa bahari geji itasoma kama 670, au psi 97. Geji ikisoma juu zaidi, kuna hewa au gesi nyingine humo, usiitie kwenye friji ya mtu. Ikilingana, bado usiape. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua mafundi huko Vietnam na Brazil baada ya kutiwa gesi feki yenye kloridi ya methili, ambayo huchemka kwenye −24°C, jirani kabisa na −26°C ya R-134a. Presha peke yake isingewatenga hao wawili vizuri. Jaribio hili linaweza kumkamata mwizi mjinga tu. Kwa mwingine, nunua kwa muuzaji unayeweza kumrudia.

Kabonidayoksaidi ina vituko vyake. Nukta yake ya utatu, ambako yabisi, kimiminika na gesi hukaa pamoja, iko kwenye kPa 518, zaidi ya mara tano ya presha ya hewa. Ya maji iko kwenye kPa 0.61. Ndiyo sababu barafu ya maji huyeyuka mezani, na barafu kavu hutoka yabisi ikawa gesi moja kwa moja kwenye −78.5°C bila kulowesha kitu.

Nukta yake ya ukomo nayo ni 31°C tu, kwa presha ya MPa 7.38. Kizimamoto cha CO₂ kilicho kwenye korido yenye 20°C kina kimiminika na mvuke kwa kPa 5,730 hivi, na kitabaki hapo hata nusu ikivuja polepole. Korido hiyo ikiwa Dar es Salaam mchana wa Februari, halijoto inapita 31 na hakuna tena kimiminika wala mvuke wa kutenganisha. Vizimamoto vya unga vina geji, vya CO₂ havina, na ukikagua jengo usihangaike kuitafuta: kipime kwa mizani, linganisha na uzito uliochapwa shingoni, na kama gesi imepungua kwa zaidi ya asilimia 10, kirudishwe kujazwa.